Risala kwa Mheshimiwa Mgeni Rasmi: Twaomba Tarehe ya Kweli ya Njia Yetu ya Matembezi

Mheshimiwa mgeni rasmi, wazee wa mtaa, mama zetu, vijana na watoto, assalaam aleikum, bwana asifiwe, hamjambo nyote. Mheshimiwa karibu sana hapa ukingoni mwa kriki ya Tudor, twajua una shughuli nyingi na jua hili la kaskazi lachoma, kwa hivyo kukubali kwako kuja kukaa nasi chini ya mkungu huu ni heshima kubwa mno kwetu, Mungu akuzidishie.

Historia tutaipitia mbio. Kikundi kilianza na watu wachache tu waliokuwa wakiokota plastiki kwenye mikoko, halafu tukaona tufungue njia ya kutembea, tukaifungua wenyewe kwa panga na majembe. Mafanikio yetu ni makubwa mheshimiwa: tuna kitalu cha mkoko na mkandaa, tuna watoto wa mbio ambao kila mtu hapa awajua, tulijenga viti viwili vya zege na kimoja mpaka leo kiko imara kabisa, na njia yenyewe ilipokuwa nzima watu walitoka Kongowea na Changamwe kuja kupunga upepo hapa. Sisi twaamini mtaa mzima upande huu hakukuwa na kitu kama hiki.

Sasa mheshimiwa tuingie kwenye lenyewe.

Mvua za El Niño za mwisho wa 2023 zilikata njia katikati. Maji ya barabara ya juu hayana mtaro, yashuka yote hapa, na bamvua, yale maji makuu ya bahari, nalo lapanda likila ukingo kutoka chini, kwa hivyo njia yaliwa pande zote mbili. Wazee wetu wa sukari na presha, ambao daktari amewaambia watembee kila siku, leo watembea kando ya lami wakipishana na matatu na tuktuk. Hilo latuuma sana.

Na kwa heshima zote mheshimiwa, wewe si mgeni wa kwanza kusomewa haya. Wa kwanza alituambia wiki mbili. Mwengine akasema kabla ya Ramadhani, na Ramadhani ikaja ikaenda. Mwengine alileta lori mbili za maramu zikamwagwa, picha zikapigwa, na mvua ya kwanza tu ikaisomba maramu yote mpaka kwenye kitalu ikafukia miche yetu. Hatutaji mtu, na nia zao pengine zilikuwa nzuri, lakini kila ahadi ikivunjika vijana wapungua kwenye kikundi, maana wamechoka kuambiwa mwezi ujao.

Kwa hivyo ombi letu kubwa leo, kabla hata ya pesa, ni tarehe ya kweli, hata kama iko mbali. Kamati imekaa na mafundi wa hapa hapa mtaani na wavuvi wanaojua maji, na tumeona hivi. Sasa ni Februari. Masika yakishika Aprili na Mei hakuna mtu atachimba hapa, kwa hivyo kabla ya hapo twaomba injinia aje apime na mambo ya leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira, yaanze, maana hapa ni ukingo wa bahari na mikoko haikatwi ovyo. Mwezi huu huu pia njia iandikwe kwenye bajeti, kwa sababu mwaka wa fedha waanza Julai 1 na kisichoandikwa hakipo. Julai tenda itangazwe, na twajua sheria yataka zipite siku 14 baada ya mshindi kujulishwa ndio mkataba usainiwe, kwa hivyo hata mambo yakienda vizuri kontrakta hatuoni akiingia kabla ya Septemba.

Akiingia aanze na mtaro wa juu. Hapa twaomba utusikize sana mheshimiwa, kwa sababu hapa ndipo wote waliotangulia walipokosea. Ukitengeneza njia kabla ya mtaro umemwaga pesa baharini. Mtaro ukiisha kabla ya vuli, mvua za Oktoba na Novemba zitatuonyesha kama washika au haushiki, ndio Disemba mpaka Machi, kaskazi likiwa kavu, ijengwe kingo ya mawe yaliyofungwa kwa nyavu za waya na njia yenyewe. Na hata hapo si kila siku ni ya kazi, kule chini fundi hufanya maji yakipwa tu, siku za bamvua aharibiwa kazi, na zege lataka siku 28 kukomaa, likiharakishwa lapasuka.

Yaani mwaka mmoja na kidogo kutoka leo. Mikoko ya kushika ukingo ndiyo itachukua miaka, na hiyo tuachieni sisi, miche twaotesha wenyewe. Mombasa si wageni wa subira, pale Bamburi machimbo ya simiti yalianza kupandwa mivinje 1971 na leo ni msitu watu walipa kuingia. Tutangoja miezi kumi na minne bila kulalamika kama twajua mwezi gani chafanyika nini, lakini wiki mbili za uongo hatuziwezi tena.

Maombi mengine ni madogo, taa nne na pipa za taka, hayo yaweza kungoja.

Ratiba tumeichapisha kwenye karatasi moja, katibu ataileta mezani sasa hivi. Twakuomba mheshimiwa uisome hapa mbele ya wazee, pale ambapo haiwezekani utuambie leo tuibadilishe, na pale inapowezekana utie sahihi, kisha tuibandike kwenye ubao wa mtaa kila mtu aione.