Mhariri, kangaga haliogopi kiberiti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua, najua mnapenda barua fupi ila hii sidhani kama itakuwa fupi, mnisamehe. Toleo lililopita mlitoa makala ya kufufua malisho yaliyoingia pori, makala nzuri tu, tatizo ni pale mwishoni mwandishi aliposema eneo likishajaa kangaga wewe lichome moto, majivu yatakuwa mbolea na mvua zikija nyasi zitaota zenyewe. Niliisoma ile sentensi mara mbili nikaweka gazeti chini, maana mimi nilifanya hivyohivyo. Nilichoma misimu miwili mfululizo na kila nikichoma linarudi limeshonana kuliko mwanzo, sababu nilikuja kuijua baadaye, na nilishalipa kwa ng'ombe.

Tuelewane kwanza ni kangaga lipi, manake watu wanaita kangaga mmea wowote wa jamii ile, hata yale ya kandokando ya maji. Nasema lile la mashambani linalofika kifuani kwa mtu mzima na likinogewa linampita kichwa, jani lake pana la pembetatu limechanikachanika, na likichomoza linatoka limejikunja kama mkia wa kinyonga. Halina ua wala mbegu. Lina unga wa kahawia nyuma ya jani ndio wa kuzaliana, ila likishaingia shambani siyo huo unga unaolieneza, linatambaa kwa chini.

Siku moja nilichukua jembe nikasema leo nataka nione huyu mtu anakaa wapi. Nilichimba shimo la kuingia mkono mpaka kiwiko na bado sikumaliza. Chini pale kuna shina jeusi, nene kama kidole gumba, linalala na kutambaa, linagawanyika, jingine linapanda juu kutoa majani na jingine linazama kuweka akiba, nikalivunja, ndani jeupe lina utelezi kama ute, na humo ndimo mna wanga, ghala lenyewe hilo. Na ubavuni kuna vijicho vidogo vimelala tu vinasubiri. Sehemu kubwa ya mmea huu iko chini ya udongo, haya tunayoyaona juu na kuyachukia ni majani tu.

Sasa fikiria moto unafanya nini. Moto unapita juu dakika chache, lile ghala liko chini udongo umelifunika, halijui hata kama kuna kitu kimepita. Kilichoungua ni nyasi chache zilizokuwa zinajitahidi, miche ya miti ambayo ingelitia kivuli, na lile tandiko la majani makavu. Yaani umemfagilia uwanja. Vile vijicho vinachipuka kwa wingi, na hata ule unga wake unapenda sana ardhi iliyoungua, unaota vizuri kwenye majivu.

Na hapo ndipo ng'ombe wangu alipoingia. Baada ya kuchoma, eneo zima jeusi, nyasi hakuna, kitu cha kwanza kutoa kijani ni vile vikinyonga vya kangaga, laini, vimenona. Kwa kawaida ng'ombe aliyeshiba hahangaiki na kangaga, ila mwenye njaa aliyefunguliwa kwenye shamba lililoungua atakula nini? Mtamba wangu mmoja alivizoea, akawa anavitafuta. Wala hakuanguka siku ileile, ingekuwa hivyo ningejua. Zilipita wiki kadhaa ndiyo akaanza kusinyaa, homa, fizi nyeupe zina vidoadoa vya damu, puani damu, mavi yana damu, na kitu ambacho sitakisahau ni kwamba kila nzi alipomuuma palitoka tone la damu halafu halikauki, linatiririka mpaka chini. Tulidhani ni ugonjwa wa kupe, tukamchoma sindano ya kupe, wapi. Daktari wa mifugo alipokuja akamwangalia, akaniuliza malisho yako yakoje, nikamwonyesha, akatikisa kichwa. Mtamba hakumaliza wiki.

Alichonieleza ni kwamba ile sumu inakwenda mpaka kwenye uboho wa mifupa, panapotengenezwa damu, chembe za kugandisha damu zinaisha na zile za kupigana na magonjwa zinaisha, na inajikusanya kidogokidogo, ndiyo maana mnyama anaweza kuugua hata kama umeshamtoa kule. Wale wanaokula kidogo kwa miaka mingi wanapata uvimbe wa saratani kwenye kibofu wanakojoa damu, na wafugaji wengi hapo wanasingizia kupe tena. Kondoo macho yanakufa. Farasi na nguruwe kwao ni shida nyingine, kangaga linaharibu vitamini B1 mwilini, farasi anaanza kuyumba kama mlevi. Likikauka sumu bado ipo, kwa hiyo wanaolikata wakalichanganya na hei, yaani nyasi kavu za kulishia, wajue wanachofanya. Na kwa ng'ombe wa maziwa sumu inapita kwenye maziwa, hilo nadhani halihitaji maelezo.

Kwa hiyo Mhariri, mtu anayefuata ile makala anachoma leo, anafungulia mifugo kesho. Ndiyo kinachoniuma.

Haya, atauliza mtu, sasa tufanyeje. Kitu kilichonifungua akili ni kwamba usipigane na majani, pigana na ghala, na ghala lina saa yake ya kuwa tupu. Kangaga linapochomoza linatumia sehemu kubwa ya akiba yake kujenga jani, jani likishafunguka lote ndiyo linaanza kurudisha chakula chini. Katikati hapo, jani limefunguka karibu lote lakini bado laini halijawa gumu, ndipo ghala lina akiba kidogo kuliko wakati wowote. Kata hapo. Ukikata mapema mno likiwa bado limejikunja hujalitia hasara ya maana, ukichelewa likiwa gumu limeanza kupata manjano limeshajaza ghala, umefanya kazi ya kufagia. Litachipuka tena, kwa unyonge sasa, unasubiri kama wiki sita hivi likishafunguka tena unakata mara ya pili. Mara mbili kwa mwaka, miaka mitatu bila kuruka, hiyo ni kiwango cha chini. Mwaka wa kwanza utatukanwa na majirani, wataona hakuna kilichobadilika, mimi wa kwangu walinicheka kabisa. Mwaka wa pili majani yanakuja mafupi, membamba, yameachana. Mwaka wa tatu ukisimama unaona nyasi. Ukiacha mwaka wa pili kwa sababu umeona limepungua, umejirudisha mwanzo, maana ghala linajaa tena, nimewaona wengi wameishia hapo.

Pasipoingilika slasha, watu wanaburuta gogo zito au roli lenye vyuma nyuma ya trekta au ng'ombe wa kazi, linayavunja mabua bila kuyakata, wanasema mmea unavuja maji na unaendelea kulisha bua lililovunjika. Wapo wanaosema inafanya kazi, ila saa yake ni ileile. Na ukikata likiwa limekomaa lina ule unga vaa barakoa, siyo vizuri kuuvuta, na ukitoka jikague kupe, chini ya kangaga kuna kivuli na unyevu, kupe wanapapenda mno.

Dawa ya kuua magugu nayo ipo, siwezi kuwadanganya kwamba mimi ni mtu wa panga tu. Asulamu ndiyo iliyokuwa inasifiwa kwa sababu inaua kangaga na nyasi nyingi zinabaki, ila siyo kila nchi inaruhusu kwa hiyo uliza kwanza. Glifosati inaua kila kitu, ukiimwaga na bomba la mgongoni ovyo unabaki na uwanja mtupu, na uwanja mtupu ndiyo raha ya magugu. Ujanja ni kwamba kangaga ni refu kuliko nyasi, kwa hiyo wenye kile kifaa cha utambi kinachopaka dawa badala ya kunyunyiza wanakipitisha juujuu kinagusa kangaga tu nyasi chini ziko salama. Na hapa saa ni nyingine, siyo ile ya kukata. Dawa unapiga majani yakishafunguka yote yakiwa bado kijani, ndipo mmea unapeleka chakula chini na dawa inabebwa humohumo mpaka ghalani. Ukipiga mapema inabaki juu. Ukishapiga usiguse, usikate, usilime, iache ishuke. Watu wanapiga dawa Jumatatu, Alhamisi wanafyeka kwa sababu "halijafa", halafu wanalalamika dawa feki. Soma lebo, kaa mbali na maji, usifungulie mifugo kabla ya muda.

Kama shamba ni tambarare na trekta inaingia, kulima kwa kina kunasaidia sana, yale mashina yanakatika yanaletwa juu yanakauka, ukipita tena na haro, ile ya kuvunja mabonge, unamaliza zaidi. Kwenye mteremko mkali usijaribu. Lile kangaga pamoja na ubaya wake ndilo limeshika udongo pale, ukiling'oa mvua moja tu inabeba kila kitu. Mteremko wangu mimi nimepanda miti, ikifunga kivuli kangaga linanyong'onyea lenyewe, sina haraka nalo.

Halafu kuna kosa la pili la ile makala, nyasi kuota zenyewe. Zitaotea wapi? Ukichoma kangaga linaziwahi, na usipochoma, chini ya kangaga la miaka kuna tandiko la majani makavu pengine kina cha kiganja kizima, mbegu ikidondoka inaning'inia juu haigusi udongo. Inabidi ulikwangue, uliburute na reki au haro mpaka uone udongo. Pima udongo, kangaga linapenda udongo wenye tindikali na nyasi nzuri hazipendi hivyo, mara nyingi unakuta panahitaji chokaa na mbolea ya fosifeti. Panda nyasi pamoja na mikunde ya malisho, zuia mifugo mpaka zishike mizizi, halafu lisha kwa zamu, kipande hiki leo kile wiki ijayo. Malisho yanayogugunwa mpaka chini ndiyo yaliyomfungulia kangaga mlango toka mwanzo, hakuja mwenyewe tu. Miiba na vichaka vilivyobaki mbuzi watakusaidia, lakini usiwafungie kwenye kangaga ukidhani watalimaliza, nao siyo vyuma.

Jambo la kutia moyo kidogo, kangaga halistawi kwenye udongo wa kina kifupi wala penye maji yaliyotuama. Likiwa refu hivyo ujue hapo chini kuna udongo wa kina, unapitisha maji vizuri. Kile kipande changu kilichokuwa kibaya kuliko vyote leo ndicho kinachotoa nyasi nyingi, ingawa kila mwaka bado napita na panga kuokota yale machache ya pembeni yanayotambaa kutoka kwa jirani ambaye hajaanza.

Ombi langu ni moja, mtoe masahihisho kwenye ukurasa uleule na kwa maandishi yanayosomeka, siyo kale ka pembeni, na mtoe kabla ukame haujakolea kwa sababu hapo ndipo watu wanapowasha. Kama mwandishi wenu anataka kuja kuona shimo nililochimba, bado lipo, sijalifukia.

Ni mimi mfugaji, msomaji wenu wa siku nyingi