Mheshimiwa Waziri, tuache kuhesabu vikombe

Kwa Waziri mwenye dhamana ya elimu,

YAH: KIPINDI CHA MICHEZO KWA WANAFUNZI WASIO NA TIMU

Mheshimiwa Waziri,

Naandika nikiwa mwalimu wa elimu ya viungo katika shule ya sekondari, kazi ambayo wenzangu huiita kwa utani kazi ya firimbi. Siombi mipira. Mipira ikija nitaipokea kwa mikono miwili, lakini shule inaweza kuwa na stoo iliyojaa mipira na bado wanafunzi wake wengi wakamaliza wiki nzima bila kukimbia hata mara moja. Kinachonisumbua ni hiki: michezo ya vijana tumeipanga ili kuwachuja, na wale wanaobaki juu ya chujio tumewasahau kabisa.

Hotuba za siku ya michezo huanza na samaki anayekunjwa angali mbichi na kuishia kwenye kukabidhi kikombe. Ripoti zinazopanda kuja ofisini kwako nazo ziko hivyo hivyo: shule fulani imeshika nafasi ya kwanza, mkoa fulani umeleta medali. Hakuna safu kwenye ripoti hizo inayomhusu mwanafunzi aliyekaa kivulini akiwa amebeba mabegi ya wachezaji.

Mwaka 2019 watafiti wa Shirika la Afya Duniani walichapisha hesabu iliyokusanya taarifa za wanafunzi wapatao milioni 1.6 katika nchi na maeneo 146, wote wa umri wa miaka 11 hadi 17. Waliona kwamba mwaka 2016 asilimia 81 ya vijana hawa hawakufikia kiwango cha mwendo ambacho mwili wa umri huo unahitaji. Kwa wasichana ilikuwa asilimia 85, kwa wavulana 78. Kiwango chenyewe si cha mwanariadha: wastani wa dakika 60 kwa siku za kujishughulisha hadi moyo upige haraka na pumzi ipande, na angalau siku tatu kwa wiki ziwe na kazi nzito kidogo ya kuimarisha misuli na mifupa. Dakika hizo si lazima zije kwa mkupuo mmoja. Kutembea haraka kwenda shule kunahesabika, kucheza muziki kunahesabika, kuruka kamba kunahesabika sana.

Najua jibu litakalokuja haraka: ni simu. Kila kikao cha wazazi nilichowahi kuhudhuria kimeishia kwenye simu. Lakini katika utafiti huo huo kuna takwimu za mwaka 2001, kabla simu za kupangusa hazijaingia mfukoni mwa mtoto yeyote. Mwaka huo wavulana wasiofikia kiwango walikuwa asilimia 80, na wasichana 85. Yaani miaka 15 ya mapinduzi ya simu imepita na hali iko karibu pale pale. Siitetei simu, inaiba usingizi na inamkalisha mtoto kitako. Ninachosema ni kwamba tulikuwa tumeshawapoteza vijana hawa kabla simu haijafika, na tukiwanyang'anya simu leo bila kuwapa mahali pa kwenda, watakaa tu bila simu.

Niruhusu nieleze jinsi tunavyowapoteza, maana nalishuhudia kila mwaka. Kidato cha kwanza wanaingia, wana miaka 13 au 14, wote wanataka kucheza. Wiki ya pili tunafanya mchujo. Nachagua timu, kwa sababu mashindano yako karibu na mkuu wa shule ananiuliza habari za timu, haniulizi habari za wengine. Waliochaguliwa wanapata mazoezi, viatu na kocha. Waliobaki wanapata cheo cha mshangiliaji. Kufika kidato cha tatu ukimwambia mmoja wao aje uwanjani anacheka: "Mwalimu, mimi si mtu wa michezo." Nani alimwambia? Sisi.

Tena mchujo wenyewe huwa tunaufanya kwa macho mabovu. Katika umri huo watoto wawili waliozaliwa mwaka mmoja wanaweza kuachana kwa miaka kadhaa ya balehe. Mmoja ana mabega na sauti nzito, mwingine bado ni mtoto. Kocha anamchukua mwenye mabega na kusema ana kipaji. Katikati ya miaka ya 1980 watafiti wa hoki ya barafu nchini Kanada walionyesha kwamba wachezaji waliozaliwa miezi ya mwanzo wa mwaka walikuwa wengi kupita kiasi kwenye timu za juu, kwa sababu tu walikuwa wametangulia wenzao kwa miezi michache siku ya kuchaguliwa. Jambo hilo limeonekana tena katika michezo mingi tangu hapo. Basi hata kama nia yako ni vikombe tu, Mheshimiwa, mfumo huu unatupa wachezaji jalalani.

Kwa wasichana hadithi ni nzito zaidi. Wengi hutuacha mwaka ule ule wanapovunja ungo, na ukiwauliza kwa upole, sababu wanazotaja ni za kawaida mno: hakuna chumba cha kubadilishia nguo chenye mlango unaofungika, kaptula ya shule ni fupi au nyepesi, uwanja uko mbele ya madirisha ya wavulana, hedhi imekuja na hakuna maji. Hakuna hata mmoja aliyeniambia kwamba hapendi kucheza. Hata vyombo vikubwa vya michezo vilichelewa kulielewa hili. FIFA iliruhusu rasmi wachezaji kufunika kichwa kwa sababu za dini mwaka 2014, na FIBA kwa mpira wa kikapu ikafuata mwaka 2017. Mwaka 2021 timu ya wanawake ya Norway ya mpira wa mikono wa ufukweni ilipigwa faini ya yuro 1,500 kwa kuvaa kaptula badala ya chupi ya kuogelea, ndipo kanuni ikabadilishwa baada ya kelele. Kama watu wazima wa timu ya taifa wanapigania kaptula, msichana wa miaka 14 afanyeje? Huchukua njia rahisi, anasema anaumwa tumbo.

Mlango ukifunguliwa, wasichana huingia. Marekani ilipitisha sheria mwaka 1972 ya kuzuia ubaguzi wa kijinsia katika elimu inayofadhiliwa na serikali kuu. Kabla yake, wasichana waliokuwa wakicheza kwenye timu za sekondari nchini humo hawakufika 300,000. Leo wanazidi milioni tatu.

Na umri huu haurudi. Katika ile miaka miwili ya balehe ambapo mifupa hujengeka kwa kasi kuliko wakati wowote, mwili huweka karibu robo ya madini yote ya mifupa atakayokuwa nayo ukubwani. Mifupa hujengeka kwa kugongwa na uzito: kuruka, kukimbia, kugeuka ghafla. Kijana anayeipitisha miaka hiyo akiwa ameketi anaianza safari ya uzeeni na akiba pungufu, na hakuna kidonge kitakachokuja kumrudishia yote.

Sasa nije kwenye mambo yaliyo mikononi mwako, maana najua barua za namna hii huishia kwenye malalamiko.

La kwanza ni ratiba. Kwenye karatasi kipindi cha elimu ya viungo kipo. Kwenye maisha halisi ndicho kipindi cha kwanza kukopwa, na mkopo huo haulipwi. Mtihani wa majaribio ukikaribia, mwalimu wa hesabu anakuja mlangoni, ananitazama kwa huruma, anachukua darasa. Simlaumu, naye anapimwa kwa matokeo. Lakini imani inayomsukuma haina msingi. Kituo cha Marekani cha kudhibiti na kuzuia magonjwa, CDC, kilipitia tafiti 50 mwaka 2010 kuhusu mazoezi shuleni na maendeleo ya darasani. Karibu nusu ya mahusiano yaliyopimwa yalikuwa mazuri kwa masomo, karibu yote yaliyobaki hayakuonyesha tofauti yoyote, na yaliyoonyesha madhara yalikuwa asilimia 1.5 tu. Toa waraka unaosema kipindi hiki hakikopeshwi. Waraka wako mmoja utanisaidia kuliko semina kumi.

La pili huenda likakushangaza: piga marufuku mazoezi kama adhabu. Mwanafunzi akichelewa, anazungushwa uwanja mara tano. Akipiga kelele, anaruka kichura. Halafu saa nane mchana nasimama mbele ya mwanafunzi huyo huyo kumshawishi kwamba kukimbia ni starehe. Kwa miaka mingi tumeufundisha mwili wake kwamba jasho ni malipo ya kosa, kisha tunaitisha kongamano la kujadili kwa nini vijana hawapendi mazoezi. Katika mambo yote ninayoomba humu, hili halina gharama hata senti moja, na sielewi kwa nini halijafanyika.

La tatu ni uwanja wenyewe. Milango ya shule hufungwa jioni, siku za mapumziko na likizo nzima, yaani saa zile zile ambazo kijana ana muda. Uwanja unabaki wazi kwa upepo. Ukiufungua unahitaji mlinzi, taa na mtu mzima mmoja mwenye firimbi anayelipwa. Iceland ilifanya zaidi ya hapo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 vijana wake walikuwa na sifa mbaya ya ulevi: mwaka 1998 asilimia 42 ya wenye miaka 15 na 16 walisema walikuwa wamelewa ndani ya mwezi uliopita. Kufikia 2016 walikuwa asilimia 5. Hawakufika hapo kwa mabango ya kukemea pombe. Walitia fedha kwenye vilabu vya michezo, muziki na sanaa, na mji mkuu wao Reykjavik ukaanza kuwapa wazazi ruzuku ya kulipia shughuli za mtoto, mchezo wowote anaoutaka, awe hodari au asiwe. Walibana pia uuzaji wa pombe na tumbaku, na wazazi wenyewe wakawa wanatembea mitaani usiku kuwarudisha watoto nyumbani. Kwa hiyo sidai kwamba uwanja peke yake ulifanya muujiza. Lakini kijana asiye katika timu ya taifa alikuwa na mahali pa kwenda saa kumi na mbili jioni, na mahali hapo palimtaka.

Kuhusu barabara, zungumza na mwenzako wa uchukuzi. Ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watu wa umri wa miaka 5 hadi 29 duniani, na mzazi anayelijua hilo hamruhusu mtoto aje shule kwa miguu au kwa baiskeli. Azimio la Stockholm la mwaka 2020 lilitaka mwendo usiozidi kilomita 30 kwa saa mahali magari yanapochanganyika na waenda kwa miguu. Kuanzia na mitaa inayozunguka shule kungetosha kwa sasa.

Usingizi nautaja kwa kifupi kwa sababu wazazi hawauoni kama sehemu ya mazoezi. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa 8 hadi 10, na balehe huichelewesha saa ya mwili wake, hivyo kukosa usingizi mapema usiku si ukaidi. California ilitunga sheria mwaka 2019, ikaanza kazi Julai 2022, inayozuia shule nyingi za sekondari ya juu kuanza masomo kabla ya saa mbili na nusu asubuhi. Sikudai hilo leo. Nadai tu tusiwaamshe alfajiri kwa masomo ya ziada kisha tuwashangae wanaposinzia uwanjani.

Na wafadhili wa mashindano, Mheshimiwa! Mara ngapi tumeona kijana anavuka mstari wa mwisho akakabidhiwa kopo la kinywaji cha kuongeza nguvu, lenye sukari na kafeini, na picha ikapigwa? Lithuania ilizuia kuuza vinywaji hivyo kwa walio chini ya miaka 18 tangu mwaka 2014. Sisi tunawapa bure, tena mezani pakiwa na bendera ya wizara. Maji yanatosha.

Ombi langu la mwisho ni dogo na linahusu fomu ya ukaguzi. Wakaguzi wako hunijia na fomu inayouliza idadi ya viwanja, vifaa na vikombe. Ongeza swali moja: katika wiki iliyopita, wanafunzi wangapi wasio kwenye timu yoyote walitoka jasho wakicheza, na kati yao wasichana ni wangapi? Usiulize kwa kunipa taarifa mapema. Njoo siku yoyote, simama kando ya uwanja saa ya kipindi, uhesabu mwenyewe. Nikiulizwa swali hilo kila muhula, nakuhakikishia mkuu wa shule naye ataanza kuniuliza, na mwalimu wa hesabu atatafuta kipindi kingine cha kukopa.

Wako katika kazi,

Mwalimu wa elimu ya viungo