Walimu wa programu wasahihishe na maelezo

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo kuhusu ufundishaji wa programu za kompyuta vyuoni, ambako kazi ya mwanafunzi mara nyingi hupewa alama kwa jibu ililotoa, na maelezo yaliyomo ndani ya msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe, hayaulizwi.

Hasara huonekana kazini. Tuchukue fanksheni, yaani kipande cha programu kinachofanya kazi moja, ya kukokotoa riba ya mikopo ya SACCOS, ambayo juu yake pameandikwa "hii ni ya riba", basi. Anayeirithi hajui kama kiwango huandikwa 12 au 0.12, wala kama muda ni miezi au miaka, na akikisia vibaya kompyuta haitamkanya: akiweka 12 panapotakiwa 0.12, mwanachama anaweza kudaiwa riba mara 100 ya ile anayostahili kulipa.

Utaratibu wa kuepusha hayo upo siku nyingi. Lugha ya programu ya Java ina zana iitwayo Javadoc, ambayo husoma maelezo yaliyofungwa kati ya /** na */, ikatambua alama kama @param (kinachoingizwa) na @return (kinachorudishwa), kisha ikayageuza kuwa kurasa za kusomwa. Kwa lugha ya Python, waraka wa mwongozo wa PEP 257 wa mwaka 2001 unaagiza maelezo yakae mara tu chini ya mstari unaotaja jina la fanksheni, ndani ya alama za nukuu tatu-tatu. Mstari wa kwanza useme kwa ufupi kazi inayofanywa na uishie kwa nukta, uachwe mstari mtupu, ndipo yafuate mengine. Huu si urembo. Yanayoandikwa baada ya alama ya # hupuuzwa programu inapoendeshwa, ilhali yaliyokaa mahali pake huhifadhiwa, na mtu akiita amri ya help() huyasoma bila kufungua faili.

Mpangilio peke yake, hata hivyo, hautoshi. Nimekwisha kuona "@param kiwango: kiwango cha riba", maelezo yaliyonyooka kama rula na yasiyomfaa mtu. Lililotakiwa ni "riba ya mwaka kwa desimali, mfano 0.12", na kama wote watakaoitunza programu ni Waswahili, sioni kwa nini lisiandikwe kwa Kiswahili.

Napendekeza katika mtihani wa vitendo mwanafunzi apewe fanksheni ya mwenzake, aitumie kwa kusoma maelezo tu, na akishindwa, alama zipungue kwa yule aliyeiandika.

Msanidi programu,
Morogoro