Sarafu ndogo hatukuzitupa sisi

Mhariri,

Nimesoma gazeti lako tangu enzi ambazo likishasomwa lilifungiwa maandazi jioni, na katika miaka yote hiyo sijawahi kukuandikia, hata mlipokosea jina la kijiji nilichozaliwa mara mbili katika wiki moja. Leo nimeshindwa kunyamaza. Ile habari yenu kuhusu kutoweka kwa sarafu ndogo imetulaumu wananchi tangu mwanzo hadi mwisho: kwamba tunaona kero kuzibeba, kwamba tunazisahau kwenye makopo, kwamba tunawapa watoto wazichezee. Mwandishi wenu anasimulia kana kwamba Watanzania tuliamka siku moja tukakubaliana kuidharau shilingi kumi.

Naomba kumkumbusha kijana huyo, ambaye kwa maandishi yake nadhani hajawahi kutumwa dukani na sumni, yaani senti hamsini, mkononi, kwamba shilingi yetu ilipoanza Juni 1966 ilikuja na sarafu nne: senti 5 yenye samaki, senti 20 yenye mbuni, senti 50 yenye sungura, na shilingi moja yenye mwenge. Hakuna aliyezidharau. Tulizitambua kwa kuzipapasa gizani, na mtoto akidondosha sumni njiani alirudi kuitafuta hadi giza liingie, kwa sababu alijua swali linalomsubiri nyumbani. Kilichoiua sumni ni bei. Miaka ya themanini bidhaa ziliadimika, na kuanzia 1986 thamani ya shilingi ikashushwa mara kwa mara, hadi yule sungura akawa hana anachoweza kununua. Ushahidi ulio wazi kuliko wote ni shilingi tano. Ilipokuwa nauli ya mabasi ya watu binafsi Dar es Salaam iliitwa dala, na magari yenyewe yakapata jina la daladala. Nauli ya safari fupi za jijini ilipopangwa upya Desemba 2023 ilifika shilingi 600, yaani dala 120. Gari linatembea na jina la sarafu ambayo hata ukiwa nazo mia moja, konda atakushusha.

Tulichofanyiwa ni kuongezewa juu na kuachwa chini. Ikaja sarafu ya shilingi 10 mwaka 1987, ya 20 mwaka 1990, ya 50 mwaka 1996, ya 200 mwaka 1998, na ya 500 mwaka 2014 kwa sababu noti ya kiasi hicho ilikuwa ikichakaa upesi mno mikononi mwa watu. Kila ilipoingia ya juu, ya chini ilikaa kimya bila kuagwa. Noti za zamani zilipoondolewa tulipewa muda, kuanzia tarehe 6 Januari hadi tarehe 5 Aprili 2025, tuzipeleke benki tubadilishiwe. Tangazo lile lilihusu noti. Yule tembo na mtoto wake walioko kwenye shilingi ishirini yenye pembe saba hakuna aliyewatangazia msiba, nami ninao kumi na wanne kwenye kopo la maziwa ya unga. Mwandishi wenu ameliona kopo akadhani ndilo chanzo. Sarafu huzunguka pale tu kunapokuwa na kitu cha kununua kwa thamani yake. Ikiwa hakuna tena kitu dukani kinachouzwa shilingi ishirini, anayepewa hana pa kuirudisha, na safari yake inaishia kwangu.

Mngeishia hapo ningevumilia, lakini hamkugusa jambo linalouma, nalo ni kwamba sarafu hizi zimekufa mifukoni mwetu huku kwenye vibandiko vya bei zikiwa hai na zenye afya. Katika duka moja kubwa la vyakula hapa mjini, ambalo silitaji, nilinunua mwezi uliopita mchele, sabuni na mafuta ya kula, jumla shilingi 18,760. Nilitoa 19,000. Mashine ikaandika kwenye risiti, kwa wino mzuri kabisa, kwamba chenji yangu ni shilingi 240. Mkononi nikapewa sarafu ya mia mbili na pipi mbili za mnanaa. Nilikuwa mtunza fedha kwa miaka thelathini na moja, Mhariri, na katika miaka hiyo kama ningefunga hesabu za siku nikaandika shilingi arobaini mahali palipo na pipi mbili, ningelala mahabusu. Sikusema kitu siku ile. Nilikwenda nyumbani nikatoa pipi zote nilizokwisha kupewa na duka hilo hilo tangu mwaka uanze, maana mimi ni mgonjwa wa sukari na pipi hizo nilikuwa nazihifadhi tu humo humo kwenye kopo la tembo, nikazihesabu zikafika ishirini na mbili. Jumamosi iliyofuata nikachukua viberiti viwili vya shilingi mia mia, nikapanga foleni, na zamu yangu ilipofika nikazimwaga pipi kumi mezani, kila moja kwa shilingi ishirini, kiwango walichokiweka wenyewe. Binti wa malipo akacheka kwanza. Kisha akasema, «Mzee, hii siyo hela.» Nikamuuliza, «Kama siyo hela, mwanangu, mbona mliponipa ilikuwa hela?» Akaitwa msimamizi, msimamizi akaja na tabasamu la mtu anayemliwaza mgonjwa, foleni ikarefuka, na kijana mmoja nyuma yangu akanigusa bega akasema kwa heshima zote, «Baba, weka pipi zako, nitakulipia.» Alidhani sina mia mbili! Ninamsamehe kijana kwa sababu alilelewa vizuri. Waliobaki siwasamehe.

Wataniambia nilipe kwa simu, huko hata shilingi moja inahesabiwa. Ni kweli inahesabiwa. Kwenye simu yangu kuna salio la shilingi 37 ambalo nimeliona kila siku tangu Pasaka. Siwezi kulitoa kwa wakala, halinunui chochote, na nikitaka kulituma kwa mtu makato yananisubiri mlangoni. Kwa hiyo hela ndogo imehamia mahali ambapo kampuni inaiona, mimi ninaiona, na mwenye uwezo wa kuichukua ni mmoja wetu tu.

Wenzetu wa Kanada walipoacha kusambaza sarafu ya senti moja mwaka 2013, waliweka mwongozo wa kukadiria jumla ya malipo ya fedha taslimu hadi senti tano zilizo karibu, juu au chini. Hapa kwetu kukadiria kupo tangu zamani, ila kunapanda tu, sijawahi kuona kunashuka. Ninapendekeza basi kwamba bei zote za rejareja ziishie na hamsini au sifuri mbili. Jumla isiyoishia hivyo, kama ya mizani au ya mafuta ya gari, ishushwe kwa faida ya mnunuzi, si ipandishwe, kwa sababu mwenye duka ndiye aliyeandika bei hiyo akijua wazi kwamba chenji yake haipo. Anayetaka kuendelea kuuza kwa 4,990 awe na bakuli kwenye kila meza ya malipo lenye sarafu halisi za shilingi kumi, zisizopungua hamsini kila asubuhi, nami nitajitolea kuzihesabu bila posho.

Hilo likishindikana, basi mashine za risiti ziongezewe mstari mmoja chini ya chenji, uandikwe «pipi», na Benki Kuu itangaze kiwango cha kubadilishia kama ilivyotangaza kwa noti za zamani. Miezi mitatu itanitosha. Ila wafanye haraka kidogo, kwa sababu zile ishirini na mbili zimeanza kunata kwenye tembo.

Mtunza fedha mstaafu,
Morogoro