Predni umemeza jana, leo unasema majibu yetu feki

Tumesemwa tena, eti hapa maabara yetu ya Mwanga ukipima damu inatoka hivi, ukirudia kwingine inatoka vile, tunakula hela za watu. Dada aliyelalamika tumeongea naye na karuhusu tueleze, maana wako wengi kama yeye.

Daktari alimwandikia FBP, kile kipimo cha kuhesabu seli za damu, akihisi lupasi, ugonjwa wa kinga kushambulia mwili wenyewe, maana viungo vinakaza asubuhi, nywele zinakatika, mashavu yana madoa. Yeye kabla ya kuja kwetu kapita duka la dawa kanunua predni (prednisolone, dawa ya steroidi inayotuliza uvimbe na kinga), kameza siku kadhaa maumivu yakatulia, alipoulizwa kama anatumia dawa akasema hapana. Seli nyeupe zikatoka nyingi, hasa aina yake iitwayo nyutrofili. Dawa ilipoisha kapima kwingine, ziko chini ya 4,000! Mashine zote mbili zilisema kweli jamani.

Iko hivi. Kwenye lupasi kinga inampiga mwenye mwili, na limfosaiti, aina nyingine ya seli nyeupe, nazo zinapigwa, zinakufa haraka, zinapungua, huku limfosaiti za aina ya B zinazobaki zinazidi kutengeneza antibodi, yaani silaha za kinga, za kushambulia viini vya seli zake mwenyewe. Sasa predni inazitoa nyutrofili zilizojibanza kwenye kuta za mishipa zinamwagika kwenye damu, hesabu inapanda ndani ya masaa, na limfosaiti inazishusha zaidi. Daktari akiangalia hiyo karatasi anaweza kudhani ni infeksheni tu. Unalipa tena, na ugonjwa unaendelea kula figo kimya kimya.

Wengine wanasema pimeni ANA tu, yaani kipimo cha hizo antibodi za viini vya seli, FBP mnaongeza bili. Hapana. ANA hata mtu mwenye afya njema anaweza kuwa nayo, ndo maana vigezo vya kimataifa vya lupasi vya 2019 vinaanza na ANA ya 1:80 au zaidi (bado inaonekana hata seramu ikizimuliwa mara 80) halafu vinatafuta mengine, zikiwemo seli nyeupe chini ya 4,000 na chembe sahani, zile za kugandisha damu, chini ya 100,000. Na bei ya ANA msiifananishe na ya malaria, damu inazungushwa, seramu inatengwa, inasafiri kwenye barafu mpaka Dar, vitendanishi ni ghali. FBP ya mgonjwa kama huyu hatuishii kwenye namba za mashine, tunapaka slaidi tunaangalia kwa macho, hiyo hatukuongezei hata shilingi.

Kama tayari unameza predni usiiache ghafla mwenyewe, ni hatari. Njoo na pakiti yake, tutaandika kwenye fomu dawa na siku ulizotumia, daktari atajua namna ya kusoma majibu.