Kamba na barafu vipo Mlima Kenya, visa ya Ulaya ya nini?

Mhariri, salaam sana.

Nimesoma barua ya msomaji mwenzangu aliyesema vijana wa huku Kilimanjaro wakitaka kujua kupanda miamba kwa kamba na kupanda barafu lazima waende Ufaransa au Uswisi, nikacheka peke yangu, manake mi na washkaji zangu hapa Marangu tunapanga safari ya namna hiyohiyo na hakuna anayeomba visa, tunavuka Namanga, Nairobi, halafu Naro Moru pale chini ya Mlima Kenya, basi.

Tuambiane ukweli, Kilimanjaro tunaitembea. Mita 5,895 lakini kwa njia za kawaida mgumu (mpagazi) anafika na mzigo kichwani bila kugusa kamba hata siku moja. Mlima Kenya ni mfupi ila ni kitu kingine kabisa, kilele cha Lenana cha mita 4,985 unatembea kama kawaida, ila vilele vya Batian (5,199) na Nelion (5,188) bila kamba hufiki, ni mwamba mgumu uliobaki katikati ya volkano ya zamani, unapanda kipande kwa kipande mmoja anapanda mwenzake amemshikia kamba. Njia ya kawaida ya Nelion ina vipande kama 20 hivyo, na ukifika juu bado hujamaliza, kushuka nako ni kwa kamba.

Sasa kinachoumiza kichwa kwenye kupanga sio hela, ni mwezi. Ule mlima uko karibu kabisa na ikweta kwahiyo jua linahama upande. Kuanzia mwisho wa Desemba mpaka Machi mwanzoni jua liko kusini, ukuta wa kusini unakauka, na huko ndo iliko njia ya Nelion unayoianza ukilala kibanda cha Austrian Hut. Juni mpaka Oktoba mambo yanageuka, mwamba wa kaskazini wa Batian ndo unakauka, na kule kusini kivulini barafu inashika. Yani anayetaka mwamba na barafu kwa safari moja aende Agosti au Septemba, akipanda mwamba kaskazini na barafu kusini, akienda Januari na mashoka yake ya barafu atakuwa amebeba chuma cha bure.

Na hiyo barafu yenyewe tusidanganyane. Diamond Couloir, ule mkondo wa barafu kati ya Batian na Nelion, ulipandwa mara ya kwanza 1973 na Phil Snyder akiwa na Thumbi Mathenge, Mkenya huyo, sio mtu wa Uswisi. Ila chini kumeyeyuka sana tangu enzi hizo, kwahiyo ukipanga safari kwa kuangalia picha za zamani umeumia, ulizia kwanza waongozaji wa Naro Moru au Nanyuki wakwambie mwaka huu kuna nini.

Shida yetu kubwa sisi tunaopandisha wageni Kilimanjaro ni kwamba miezi mizuri ya kule ndo hiyohiyo miezi ya wageni huku. Ukiondoka Februari au Agosti unakosa kazi na bakshishi, na kuna mabosi ukiomba ruhusa tu jina lako linafutwa kwenye safari inayofuata. Mi naona wangeruhusu hata watu wawiliwawili kwa zamu, mwongozaji anayejua kamba ana faida kwao pia, au sio?

Kingine vifaa. Wengi wetu tuna haanesi (ile mikanda ya mwilini ya kufungia kamba) na kamba tulizoachiwa na wageni, zinapendeza kweli, lakini hujui imekaa juani miaka mingapi wala imeangukiwa na nani. Kramponi (meno ya chuma ya kufunga kwenye buti) na shoka za kupewa sawa, chuma unakikagua kwa macho. Kamba na haanesi nunua mpya au kodi kwa mtu unayemjua, hapo sibishani na mtu.

Na msiuchukulie poa kwa sababu ni jirani. Mwaka 1970 daktari wa Austria, Gert Judmaier, alivunjika mguu karibu na kilele cha Batian, akakaa huko siku nyingi mpaka waokoaji wakaletwa kutoka Innsbruck kuungana na wapandaji wa Kenya ndo wakamshusha. Leo kuna kikosi cha uokoaji pale hifadhini, lakini mawingu ya mchana ni yaleyale, kwahiyo unaanza alfajiri, na ukichelewa juu ya Nelion kuna kibanda kidogo cha bati, Howell Hut, unajibanza humo mpaka asubuhi.

Sisi tumeshakubaliana, Februari ni Nelion tu na mwongozaji wa kulekule, barafu tunaiwekea Agosti ya mwaka unaofuata kama mabosi wataelewa. Msomaji yeyote wa Naro Moru au Nanyuki anayejua hali ya barafu ilivyo sasa hivi aandike kupitia gazeti hili, na wewe mhariri tafadhali usiikate barua yake.

Msomaji wenu,
Marangu, Kilimanjaro