Ndugu yangu anaugua, asihukumiwe kwa kabila lake

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenzangu wa Lamu, wa bara na wa visiwani, kuhusu wagonjwa wa akili wanaotoka katika jamii ndogo kama yetu. Mimi ni Muaweer. Wengi mwatujua kwa jina la Waboni. Kwetu ni upande wa Bargoni na Basuba, lakini nimeolewa Hindi, mji wa huku Lamu bara, na tangu 2023 mimi ni mhudumu wa afya ya jamii, mmoja wa wale mnaowaona wakipita nyumba kwa nyumba na mkoba wenye mashine za kupimia presha na sukari.

Kitinda mimba wetu anaugua skizofrenia. Hilo ndilo jina aliloandika daktari. Alianza kwa kukosa usingizi, kisha akawa hali chakula mpaka aulize kimetiwa nini, hata kilichopikwa na mama mbele ya macho yake. Halafu akawa asikia watu wakimwita kutoka msituni. Alisomewa, akanywa kombe, yaani maji yaliyooshewa maandishi ya Kurani, akafukizwa. Mimi sikatai kisomo. Ustadhi aliyekuwa akimsomea ndiye aliyetuambia, "Dua nitaendelea nayo, lakini nyinyi mpelekeni hospitali." Mungu amlipe kheri, kwa sababu wapo waganga wanaomfunga mgonjwa kamba na kuwakataza wenyewe wasimpe dawa.

Dawa ilimfaa. Anachomwa sindano kila mwezi, na ilipoanza kushika alilala usiku, akala sinia moja na sisi, akarudi kwenda na wenzake kurina asali.

Kilichoharibu ni safari ya kuifuata hiyo sindano. Kutoka kijijini hadi Mokowe ni gari, na Mokowe hadi kisiwani ni boti. Siku moja tumeshakaa botini, ndugu yangu akawa anajisemea polepole kama afanyavyo akiona watu wengi. Hakumgusa mtu. Mama mmoja akakusanya buibui lake, akahama upande. Kijana aliyekuwa akikusanya nauli akasema kwa sauti, "Huyo si mgonjwa, ni Mboni. Wote ndivyo walivyo hao, wametoka msituni." Watu wakacheka. Mama yangu, mtu mzima wa kuitwa bibi, alikuwa amemshika mkono mwanawe, na akainamisha uso mpaka tukafika gatini.

Mwezi uliofuata mama alikataa asitoke. Nilimsihi sana. Akanijibu, "Wakimcheka yeye nitavumilia. Lakini wametucheka mpaka waliokufa." Sindano ikapita, na ya pili ikapita, na sauti zikarudi. Usiku mmoja alitoka ndani bila viatu, na asubuhi yake warina asali wakamkuta chini ya mti, miguu imechanika, hamjui hata mmoja wao.

Nataka msomaji aelewe maana ya kutoka usiku kwetu sisi. Tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, na hasa tangu operesheni ya kijeshi ya Linda Boni ilipoanza Septemba 2015, msitu wetu una wanajeshi na una wapiganaji wa al-Shabaab wanaowindwa na wanajeshi. Mtu asiyeweza kujibu anapoulizwa "Nani wewe?" anaweza kupigwa risasi na upande wowote. Mji mwingine mgonjwa akitangatanga usiku ataambulia matusi. Wetu huenda asirudi.

Na nimeona tofauti kwa macho yangu. Kisiwani yupo kijana wa nyumba kubwa mwenye maradhi kama haya. Akipita akizungumza peke yake, watu husema, "Maskini, mtoto wa fulani, amepatwa." Humwitia ndugu zake, humpa maji. Wanafanya vyema, na sisemi kwa kumwonea kijicho. Ninachosema ni kwamba yeye amepatwa, na ndugu yangu "ndivyo walivyo". Ukoo wa yule hautiwi katika maradhi yake, lakini sisi tunatiwa sote.

Ndiyo maana familia zetu huficha wagonjwa. Wakubwa wanaokuja semina hutuambia kuwa tunaficha kwa ujinga na ushirikina. Ushirikina upo, siukani. Lakini tazameni pia tulikotoka. Uwindaji ulipopigwa marufuku nchini mwaka 1977, wazee wetu wakaitwa majangili kwa kazi iliyowalea. Baada ya 2014, kila aliyetoka msituni akashukiwa kuwa anawalisha magaidi. Watu waliosingiziwa hivi hawawezi kuwa wepesi kumtoa mgonjwa hadharani ili waongezewe jina jingine.

Sheria ya afya ya akili ilirekebishwa mwaka 2022, na inazitaka serikali za kaunti zipeleke huduma hizi hadi mashinani. Basi naomba kwa waziwazi: sindano ya mwezi na vidonge viwekwe katika zahanati za bara, Hindi na Bargoni, na muuguzi aliyesomea maradhi ya akili awe akija siku inayojulikana. Kuchoma sindano hakuhitaji boti. Na sisi wahudumu tufunzwe namna ya kukaa na mgonjwa na nyumba yake, kwa sababu mashine za mkobani hazipimi hili. Na wanapoajiriwa wahudumu, wachukuliwe pia wanaojua Kiaweer, lugha yetu. Mama yangu hajawahi kumweleza daktari ugonjwa wa mwanawe kwa lugha yake mwenyewe. Kila mara ni mimi ninayefasiri, na yapo mambo mama hayasemi mbele ya binti yake.

Maimamu wetu nao wakilisema jambo hili katika hotuba ya Ijumaa, watu watawasikia kuliko wanavyonisikia mimi.

Ndugu yangu amerudi kwenye sindano. Tunampeleka kwa boti ya asubuhi mapema, ambayo haina watu wengi, na nauli yake nailipa kwa posho yangu. Jina langu naomba lisichapishwe, kwa kuwa yeye hajanipa ruhusa ya kumtaja, na mwezi huu ana akili timamu ya kuombwa ruhusa na kukataa.

Mhudumu wa afya ya jamii,
Lamu Magharibi